Utatuzi wa Matatizo ya Laini Nyingi za Simu katika Biashara Ndogo

Biashara ndogo inayotaka kupokea simu zaidi ya moja kwa wakati mmoja mara nyingi hununua kisichohitajika, kwa sababu vitu vitatu vinachanganywa: namba, njia na kifaa. Namba ni kile anachopiga mteja. Njia ni nafasi ya mazungumzo mamoja kupita kwa wakati fulani. Kifaa ni simu inayoita mezani au mkononi. Namba moja yaweza kuwa na njia kumi nyuma yake, na vifaa kumi vyaweza kugombea njia moja. Mwenye biashara anayelalamikiwa kwamba hapatikani hukimbilia kununua namba ya pili, ilhali wateja wote wanaendelea kupiga ile ya kwanza iliyoandikwa kwenye kadi na kwenye bango, na tatizo hubaki palepale. Kwa hiyo, mbele ya kila dalili iliyoelezwa hapa chini, swali la kwanza ni lile lile: kilichopungua ni namba, njia, kifaa, au ni mpangilio tu wa vile vilivyopo?

Mbinu za bei nafuu za kupata laini nyingi ni tatu. Ya kwanza ni kutumia laini za kawaida za simu za mkononi zilizopangwa kuelekezana. Ya pili ni kukodi simu za intaneti kwa kampuni inayoendesha swichibodi, yaani mtambo unaopokea simu na kuzigawa kwa vifaa, kwenye seva zake. Ya tatu ni kuwa na swichibodi yako mwenyewe kwa programu huria kama Asterisk, ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ambayo hufanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo sana. Kwa watu wawili au watatu, laini za mkononi hutosha kabisa. Wakizidi hapo, swichibodi ya kukodi ndiyo ninayoipendekeza. Swichibodi yako mwenyewe ni nafuu kwa fedha tu, kwani huhitaji mtu wa kuitunza na kuilinda, na biashara isiyo na mtu huyo isiiguse.

Wateja wanasema simu inatumika kila wanapopiga

Kabla ya kulipia chochote, thibitisha dalili yenyewe. Chukua simu tatu zisizo za biashara. Kwa simu ya kwanza, piga namba ya biashara, ipokelewe na isikatwe. Mazungumzo hayo yakiwa bado hewani, piga kwa simu ya pili na uandike unachosikia, kisha ufanye vivyo hivyo kwa ya tatu. Ukisikia mlio wa kutumika kwenye simu ya pili, njia yako ni moja tu. Simu ya pili ikiita kama kawaida na ya tatu ikakuta mlio wa kutumika, njia ni mbili. Ikiwa simu inaita muda mrefu bila kupokelewa, njia zipo, kilichokosekana ni mtu wa kupokea au kifaa kilichounganishwa ipasavyo. Na ukiambiwa kwamba namba haipatikani, tatizo ni jingine kabisa, na limeelezwa katika sehemu inayofuata. Mteja huyaita mambo hayo yote kwa jina moja, kwamba "simu yenu haipatikani," na ndiyo maana maneno ya mteja peke yake hayatoshi kuamulia ununuzi.

Ikithibitika kwamba njia ni moja na laini ni ya mkononi, tiba ya kwanza kwa kawaida haigharimu kitu. Kwenye mitandao inayofuata kanuni za GSM, mfumo wa kimataifa wa simu za mkononi, *43# huwasha huduma ya simu ya kusubiri na *#43# huonyesha kama imewashwa. Huduma hii humfaa mtu anayefanya kazi peke yake, kwa sababu mpigaji wa pili husikia simu ikiita badala ya kukuta inatumika. Lakini haiongezi mtu wa kupokea.

Panapo wapokeaji wawili, tumia kuelekeza simu: **67* ikifuatiwa na namba ya laini ya pili na alama ya # huelekeza kwenye laini hiyo kila simu itakayokuta ya kwanza inatumika. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwani huweka mpangilio huo na kuona hakuna kilichobadilika. Chanzo huwa ni ile huduma ya kusubiri. Ikiwa imewashwa, mtandao hauihesabu laini kuwa inatumika, kwa hiyo sharti la kuelekeza halitimii, na mpigaji wa pili huachwa akisikiliza simu inayoita bure. Zima kwa #43#, kisha urudie jaribio la simu tatu. Kama bado haifanyi kazi, *#67# itakuonyesha ni namba gani iliyosajiliwa kwa kuelekezewa, na mara nyingi utakuta ni ya ujumbe wa sauti, iliyowekwa na kampuni ya simu tangu laini ilipofunguliwa.

Yapo mambo mawili ya kuangalia katika mpango huu. Kwanza, kipande cha safari ya simu kutoka laini ya kwanza hadi ya pili kwa kawaida hulipiwa na mwenye laini iliyoelekeza, si mpigaji, hivyo laini hiyo ikiishiwa salio, kuelekeza hukoma bila taarifa. Pili, usielekeze laini ya kwanza kwenye ya pili na ya pili ikarudi kwenye ya kwanza; zote mbili zikiwa na mazungumzo, simu huzunguka hadi mtandao uikate. Mnyororo uwe wa upande mmoja, na laini ya mwisho iishie kwenye ujumbe wa sauti.

Baada ya hapo ndipo swali la njia ngapi zinahitajika linapofaa kuulizwa, na jibu lake lina hesabu iliyo wazi. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 fomula ambayo wahandisi wa simu wanaitumia hadi leo. Hesabu simu zote, zinazoingia na zinazotoka, katika saa yenye shughuli nyingi kuliko zote, uzidishe kwa wastani wa dakika za kila simu, kisha ugawanye kwa 60. Tuseme ni simu 20 za dakika 3 kila moja: jumla ni dakika 60, yaani mzigo wa erlangi 1. Mtu angedhani njia moja inatosha, kwa kuwa dakika 60 zinaingia katika saa moja. Lakini wapigaji hawapangi foleni wakapeana zamu. Kwa mzigo huo, njia 1 humkosesha nafasi mpigaji mmoja kati ya wawili. Njia 2 humkosesha mmoja kati ya watano. Njia 3 huwakosesha takriban asilimia 6, na njia 4 hushuka hadi asilimia 1.5 hivi. Njia ya tano inaokoa wachache mno kuliko inavyogharimu. Hesabu hii huwashangaza wenye biashara pande zote mbili: wapo wanaogundua kwamba wamekuwa wakipoteza nusu ya wateja, na wapo wanaogundua kwamba wanalipia njia nane wakati nne zinatosha.

Kwa wenye swichibodi kuna chanzo kingine kilichojificha. Simu ikiingia kwenye swichibodi kisha ikaelekezwa kwenye simu ya mkononi ya mfanyakazi aliye nje, inakula njia mbili kwa muda wote wa mazungumzo, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka. Biashara yenye njia mbili hujaa kwa simu moja tu ya namna hiyo. Tiba nafuu ni kumwekea mfanyakazi huyo programu ya simu ya intaneti mkononi, awe ekstensheni kamili, yaani namba ya ndani ya swichibodi, ili njia ya pili isihitajike.

Laini ya pili haipatikani mtu anapozungumza kwenye ya kwanza

Hii ni tabia ya simu nyingi za laini mbili, wala si hitilafu. Laini zote mbili hugawana mtambo mmoja wa redio ndani ya simu. Zikiwa zimetulia, simu husikiliza zote kwa zamu, lakini mazungumzo yakianza kwenye moja, nyingine hujitoa hewani, na anayeipiga huambiwa haipatikani. Kwa hiyo kifaa kimoja chenye laini mbili kina namba mbili na njia moja. Kwa kuwa mtandao unaiona laini hiyo kuwa imezimwa, kuelekeza kwa **67* hakusaidii. Kinachohitajika ni **62*, kinachoelekeza simu pindi laini isipopatikana, na kipeleke simu kwenye kifaa tofauti. Simu ya kawaida ya vitufe, iliyo ya bei ya chini kuliko zote dukani, inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Fedha zinazotumika kununua simu janja ya pili kwa ajili ya kupokea tu ni fedha zilizopotea.

Simu zinaelekezwa, kisha zinapotea

Kama simu kuu haiiti kabisa huku wapigaji wakisema inaita, mtu ameweka **21*, ambayo huelekeza kila simu bila sharti lolote na kuyafunika masharti mengine yote. Itazame kwa *#21#. Ukishindwa kujua nini kimewekwa wapi, ##002# hufuta kuelekeza kote, na unaanza upya ukiwa na uhakika.

Kama simu inaishia kwenye ujumbe wa sauti kabla mtu wa pili hajapata nafasi ya kupokea, chanzo ni muda. Kuelekeza kwa kutopokelewa huwekwa kwa **61*, na muda wake hubadilishwa kwa hatua za sekunde 5, kuanzia 5 hadi 30: andika **61*, namba, kisha **20# kwa sekunde 20. Laini ya kwanza iwe na muda mfupi kuliko ya mwisho.

Swichibodi zina toleo lao la tatizo hili, nalo huwaumiza wafanyabiashara wengi bila wao kulijua. Kundi la simu limepangwa kuita kwa pamoja: mbili za mezani na moja ya mkononi ya mwenye biashara. Siku simu hiyo ya mkononi inapokuwa imezimwa, ujumbe wake wa sauti hupokea papo hapo, na swichibodi, isiyoweza kutofautisha mashine na mtu, huona simu imepokelewa na kuzinyamazisha za mezani. Mteja anajikuta anazungumza na mashine ilhali watu wawili wamekaa mbele ya simu. Tiba ni kuwasha sharti la uthibitisho kwa ekstensheni za nje, ambapo anayepokea lazima abonyeze tarakimu moja kabla ya kuunganishwa. Mashine haiwezi kubonyeza, hivyo simu huendelea kuita kwingine.

Vifaa ni vitatu lakini kinaita kimoja

Karibu kila mara vifaa vyote vimewekewa akaunti moja. Seva nyingi za simu za intaneti huruhusu akaunti moja kusajiliwa na kifaa kimoja, na cha mwisho kujisajili hukiondoa kilichotangulia, kwa hiyo kila baada ya muda mlio huhama kutoka meza moja hadi nyingine pasipo mpango. Kila kifaa kipewe ekstensheni yake, kisha ekstensheni ziwekwe kwenye kundi moja. Kampuni nyingine hutoza kwa idadi ya ekstensheni, nyingine kwa idadi ya njia. Soma mkataba wako ujue kampuni inatoza kwa kipi kati ya hivyo viwili.

Kifaa kinachoita leo na kisiite kesho kina chanzo kingine. Ruta hukumbuka kwa muda mfupi tu kwamba simu fulani ya ndani inawasiliana na seva fulani ya nje. Ukimya ukizidi muda huo, husahau, na simu inayokuja kutoka nje haijui pa kuingilia. Utaitambua kwa alama moja: kifaa kinaweza kupiga wakati wowote, na kwa dakika chache baada ya kupiga kinaweza pia kupokea, kisha hakiiti tena. Punguza muda wa kujisajili upya, au washa ujumbe wa kudumisha muunganisho kila sekunde 20 hadi 30. Kwenye programu za simu ya mkononi, mwenye hatia kwa kawaida ni mpangilio wa kuokoa betri. Itoe programu hiyo kwenye udhibiti wake.

Upande mmoja unasikika, mwingine hausikiki

Hili ndilo tatizo linalowavunja watu moyo kuliko mengine yote katika simu za intaneti, na wengi huishia kubadilisha vifaa vizima bure. Chanzo chake kinaeleweka vizuri ukijua kwamba simu ya intaneti ina safari mbili zilizotengana. Ya kwanza ni ya ishara, ambayo hupita kwa itifaki ya SIP, kwa kawaida kwenye mlango namba 5060, na kazi yake ni kuita, kupokea na kukata. Ya pili ni ya sauti yenyewe, inayopita kwenye milango mingine inayochaguliwa upya kila simu inapoanza. Ndani ya ujumbe wa ishara, kila upande huuambia mwenzake, "nitumie sauti kwenye anwani hii." Kifaa kilicho nyuma ya ruta hujua anwani yake ya ndani tu, ambayo haina maana yoyote nje ya ofisi. Kikiitaja hiyo, simu itaita na kupokelewa vizuri, kwa kuwa ishara zimefika, lakini sauti ya mteja itatumwa kwenye anwani isiyofikika. Mteja anakusikia, wewe humsikii.

Anza na ruta. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG, kilichokusudiwa kurekebisha anwani hizo njiani, lakini mara nyingi hurekebisha vibaya na kuharibu kile ambacho seva ya kisasa ingeweza kukishughulikia yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kizime, uwashe ruta upya, kisha vifaa vijisajili upya. Kukizima bila kuwasha upya hakutoshi, na wengi huacha hapo wakidhani wamekosea. Piga simu ya majaribio kwenda nje na nyingine kuja ndani, kwa kuwa moja yaweza kupona na nyingine isipone.

Ikiwa hakuna mabadiliko, angalia kama una ruta mbili zilizofuatana: moja ya kampuni ya intaneti na nyingine uliyoinunua mwenyewe. Kila moja hubadilisha anwani, na mkanganyiko huongezeka maradufu. Iweke ya kwanza ifanye kazi ya kupitisha tu, au iondoe ya pili. Wenye swichibodi yao ofisini wana hatua moja zaidi: waiambie swichibodi anwani yake ya nje na ni mtandao gani ulio wa ndani, kisha wahakikishe milango ya sauti, ambayo kwa Asterisk kwa kawaida ni kuanzia 10000 hadi 20000 ya UDP, haikuzuiwa.

Simu hukatika baada ya muda uleule

Simu inayokatika ovyo ovyo ina sababu nyingi, lakini inayokatika kwa saa maalumu inakutajia chanzo chake. Kwa hiyo ipime kwa saa ya mkono. Ikikatika kwenye sekunde ya 32, aliyepokea alituma taarifa kwamba amepokea na hakupata uthibitisho kutoka upande wa pili. Kanuni za SIP humtaka arudie kutuma kwa sekunde 32, kisha akate. Maana yake ni kwamba uthibitisho huo unapotelea njiani, na dawa ni zile zile za sehemu iliyotangulia. Ikikatika kwenye dakika ya 15 au ya 30, chanzo ni kipima muda cha mazungumzo. Muda unaotumika sana ni sekunde 1800, na pande mbili huhuishana nusu ya muda ikifika. Ruta au seva ikiuzuia ujumbe huo, simu hukatwa kana kwamba imeachwa. Iambie kampuni yako dakika yenyewe, usiseme tu kwamba simu hukatika.

Sauti inakatakata au inachelewa

Kasi kubwa ya intaneti si jibu, ingawa ndiyo inayouzwa kwanza. Mazungumzo mamoja kwa kodeki (utaratibu wa kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, yenye ubora wa simu ya mezani, hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, na pamoja na vichwa vya pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, hufika takriban 87 kwa kila upande. Kwa G.729 ni takriban 31. Mazungumzo manne kwa kodeki ile nzito hayafiki hata kilobiti 400. Kinachoharibu sauti ni kuchelewa, kupotea na kutofautiana kwa muda wa pakiti. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yabaki ya kawaida. Pakiti zinazopotea zikizidi asilimia 1, masikio huanza kulalamika.

Kipimo kinachofaa ni hiki: tuma pingi (ujumbe mfupi unaopima muda wa kwenda na kurudi) mfululizo kwenda kwa seva ya simu ofisi ikiwa kimya, kisha uanze kupakia faili kubwa, video kwa mfano, huku pingi ikiendelea. Muda ukiruka kutoka milisekunde 30 hadi 400, umempata mwizi. Upakiaji unajaza foleni ndani ya ruta, na pakiti ndogo za sauti husubiri nyuma ya faili. Hakuna haja ya kuongeza kifurushi. Weka kwenye ruta kipaumbele cha sauti, pakiti zilizotiwa alama ya DSCP 46, na uweke kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ibaki mikononi mwa ruta yako. Nakala rudufu za kompyuta na kamera za ulinzi zinazotuma picha nje zipangiwe usiku.

Ikiwa pingi hutulia lakini sauti bado inakatika, angalia Wi-Fi. Simu za mezani zipewe waya wa mtandao, na waya si ghali ukilinganisha na saa zinazopotea.

Mwangwi

Anayesikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe kwa kawaida siye mwenye tatizo. Chanzo kiko upande wa pili, ambako sauti ya spika inarudishwa na maikrofoni. Punguza sauti ya simu ya upande huo au tumia vifaa vya masikioni. Mwangwi ukitokea tu kwenye simu zinazopita katika laini ya zamani ya waya wa shaba, mpangilio wa ukinzani kwenye kigeuzi, kile kifaa kinachounganisha laini hiyo na swichibodi, haulingani na laini, na hubadilishwa kwa kuchagua nchi sahihi katika mipangilio yake.

Laini ya mezani hubaki imeshikwa baada ya mteja kukata

Biashara iliyounganisha laini za shaba na swichibodi kupitia kigeuzi hukutana na hili. Swichibodi haipati habari kwamba mteja amekata, hivyo njia inabaki imefungwa na ujumbe wa sauti unarekodi dakika kadhaa za mlio mtupu. Laini nyingine hutoa ishara ya umeme mpigaji anapokata. Omba kampuni ya simu iiwashe. Isipowezekana, kigeuzi kifundishwe kuutambua mlio wa kutumika, ambao kila nchi ina mapigo yake.

Mteja anabonyeza tarakimu na menyu haisikii

Tarakimu zinasafirishwa ndani ya sauti, na kodeki inayobana sauti inaziharibu. Chagua utaratibu wa RFC 4733, unaotuma tarakimu kama taarifa kando ya sauti na ambao kwenye mipangilio mingi bado umeandikwa RFC 2833, katika vifaa na kwa kampuni, pande zote mbili.

Bili inapanda ghafla kwa simu ambazo hakuna aliyezipiga

Chomoa muunganisho wa nje kwanza, uchunguze baadaye. Wezi wa simu hutumia mashine zinazotafuta swichibodi zilizo wazi kwenye intaneti, hubahatisha neno la siri, kisha hupiga mfululizo namba za nje ya nchi zenye malipo makubwa, hasa usiku na mwishoni mwa wiki wakati hakuna anayetazama. Hasara ya usiku mmoja inaweza kuzidi yote uliyookoa kwa kuhama kwenye simu za intaneti, na ndiyo sababu naisisitiza sehemu hii. Ekstensheni 101 isiwe na neno la siri 101. Simu za kimataifa zizuiwe na kampuni yenyewe, wala si swichibodi pekee, na zifunguliwe kwa nchi zile tu unazofanya nazo biashara. Chagua malipo ya kabla na uzime kujiongezea salio kwa kadi, ili hasara iwe na ukomo. Mlango 5060 usiachwe wazi kwa dunia nzima. Uruhusu anwani za kampuni yako tu, na wafanyakazi walio nje waingie kupitia VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi.

Umeme ukikatika, simu zote zinakufa

Laini ya shaba hupata umeme wake kutoka kwenye kituo cha simu. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Betri ya akiba moja inatosha ikiwa simu zinapata umeme kupitia waya wa mtandao, kwani inalisha ruta na swichi, na swichi inalisha simu. Kampuni nyingi pia hukuruhusu kutaja namba ya mkononi itakayopokea simu zote vifaa vyako vinapotoweka mtandaoni. Iweke siku ya kwanza, na uijaribu kwa kuchomoa ruta. Wakati huohuo, hakikisha wafanyakazi wanajua simu ipi ya mkononi itumike kupiga namba ya dharura, maana simu ya intaneti yaweza kumpa mwokoaji anwani iliyosajiliwa kwenye mkataba badala ya mahali ulipo.

Namba ya zamani imepotea wakati wa kuhama

Laini ya zamani ikifungwa kabla uhamisho haujakamilika, namba yaweza kurudi kwa kampuni na kugawiwa mwingine. Usiikatishe huduma ya zamani kwa maneno wala kwa barua hadi umepiga namba hiyo kutoka nje na kuisikia ikiita kwenye vifaa vipya. Uhamisho wenyewe ukikataliwa, linganisha jina na anwani ya kwenye fomu na vile vilivyo kwenye bili ya mwisho; tofauti ya herufi moja hutosha kuukwamisha.

Tatizo likibaki baada ya hatua hizi, ni zamu ya kampuni, na utasaidiwa haraka ukiwapa simu tatu mahususi: namba iliyopiga, namba iliyopigwa, tarehe na dakika yenyewe, upande uliopata shida na kilichosikika. Wape za siku hiyohiyo au ya jana, kwa kuwa kumbukumbu za ishara za kila simu hazitunzwi muda mrefu.